Pedi mpya zikilia, usikimbilie kumlaumu fundi

Kutoka Gitega hadi Muyinga kupitia Karuzi ni milima na mabonde. Anayeendelea hadi Kobero, mpakani na Tanzania, kufuata mzigo, anategemea breki zake. Ndiyo maana wengi wetu hununua pedi ngumu zenye chembe za chuma, zinazostahimili joto la mteremko mrefu. Zikishafungwa, gari huanza kulia.

Si kila mlio ni hatari. Mlio mwembamba kama filimbi, hasa asubuhi breki zikiwa baridi, ni kawaida kwa pedi hizo. Zizoeshe kwanza: kwenye barabara tupu na tambarare, punguza mwendo mara kadhaa bila kusimama, ukiziacha zipoe kidogo kila mara. Mlio ukiendelea, fundi akague vibanio vinavyozuia pedi kutikisika, na apake grisi ya breki kwenye pini za kalipa, kamwe si kwenye uso wa pedi.

Lakini ukisikia mkwaruzo mzito, au gari likivuta upande mmoja, au gurudumu moja likiwa la moto kuliko mengine, simama. Huenda pedi imefungwa vibaya au kalipa imekwama. Usiteremke na mzigo kabla gurudumu hilo halijafunguliwa.