Sina Makosa, Upande wa Pili

Kila mtu ana wimbo wake. Kuna mwenzetu mmoja bwenini ambaye akisikia wimbo fulani wa kwaya huacha kula, na kuna mwalimu (simtaji, nisije nikapewa adhabu) ambaye hupiga mluzi ule ule kila akisahihisha mitihani. Wimbo wangu ni mkongwe kuliko mimi, wala sikuuchagua. Unaitwa Sina Makosa, wa bendi ya Les Wanyika. Ulivuma mwishoni mwa miaka ya 70 na kuendelea, na mpaka leo vipindi vya zilizopendwa redioni haviuachi upumzike. Nia yangu ni kueleza kwa nini wimbo huo, nyumbani kwetu, ulikuwa kama nyimbo mbili, na kisha kwa nini ukawa wimbo usio na mwanzo. Hilo la pili linanihusu.

Babu yangu mzaa baba anaishi Mariakani. Alifanya kazi bandarini Mombasa miaka mingi, na alipostaafu alirudi nyumbani na kinanda cha santuri, kile kinachofungwa kama sanduku la nguo, kifuniko chake ndicho spika. Santuri zenyewe zilikuwa kumi na mbili hivi, ndogo ndogo, zimepangwa ndani ya katoni la sabuni. Sisi wajukuu tulikuwa tukikusanyika kwake kila likizo. Jioni, baada ya chai ya rangi, Babu alitoa santuri kwenye mfuko wake wa karatasi, akaishika ukingoni kwa viganja viwili kama mtu anayepokea mtoto mchanga, akaifuta kwa kitambaa, akaiweka. Kwanza unasikia vumbi likialika kama mahindi kikaangoni, halafu gita.

Ambao hamjawahi kuiona santuri kwa karibu, wacha nieleze. Ukiitazama utadhani ina mamia ya mistari, duara ndani ya duara. Sivyo. Kila upande una mfereji mmoja tu, unaoanzia ukingoni na kujizungusha ukielekea katikati, kama ukili unavyozungushwa ukishonwa kuwa kikapu. Kuta za mfereji huo zina mawimbi madogo sana. Sindano ikipita inatikisika, mtikisiko unageuzwa kuwa umeme, unakuzwa, unatoka kwenye spika ukiwa sauti. Santuri ndogo, zile za inchi 7, huzunguka mara 45 kwa dakika moja. Kwa mwendo huo, upande mmoja unabeba dakika nne au tano za muziki uliokolea. Ukitaka kulazimisha zaidi itabidi mfereji ubanwe, na ukibanwa, sauti hupungua na besi ndiyo inayokufa kwanza. Na nani atanunua rumba isiyo na besi?

Sasa, muziki wa dansi wa Nairobi enzi hizo haukuwa wa dakika nne. Ulikuwa wa ukumbini. Bendi imeshika wimbo, watu wako uwanjani wanacheza, ya nini kuukata? Kwa hiyo studio zilifanya jambo la akili: wimbo mmoja ukapasuliwa vipande viwili. Kwenye karatasi ya duara iliyobandikwa katikati ya santuri ungekuta jina lile lile pande zote mbili, tofauti ni namba 1 na 2 tu. Mara nyingi upande wa kwanza ulibeba kisa, yaani beti na maneno, na upande wa pili ukaachiwa magita na kiitikio. Anayetaka hadithi asikilize upande wa kwanza. Anayetaka kutoa jasho ageuze.

Mimi sikujua hayo. Nilidhani wimbo unachoka. Magita yanafifia polepole, kimya, kinanda kinalia shii, shii, shii, na binamu yangu, mtoto wa shangazi, ananyanyuka kuigeuza. Kazi hiyo ilikuwa yake peke yake kwa sababu ndiye aliyekuwa mkubwa wetu, ana miaka kumi na miwili, na vidole vyake havikuwa na mafuta ya viazi karai kama vyetu.

Katika kimya hicho cha kugeuza ndipo Babu alipokuwa akitusomesha. Ndipo niliposikia kwamba Les Wanyika walitoka ubavuni mwa Simba Wanyika, bendi ya ndugu kutoka Tanga, Wilson Peter Kinyonga na George Peter Kinyonga, waliohamia Kenya mwanzoni mwa miaka ya 70. Mwaka 1978 wanamuziki kadhaa wakajitenga, miongoni mwao Omar Shabani wa gita la rithimu, Tom Malanga wa besi na Rashid Juma wa ngoma, na John Ngereza akawa nao kwa uimbaji na gita la solo. Hilo neno Les ni la Kifaransa, la kuonyesha wingi tu. Lilikuwa pambo la wakati ule, maana bendi za Kongo zilikuwa zimetamba Nairobi na majina yao ya Kifaransa. Neno Wanyika nalo lilimchekesha Babu. Wanamuziki walikuwa na simba wa nyika akilini, lakini sisi Wamijikenda ndio tuliokuwa tukiitwa Wanyika zamani na watu wa mjini, na halikuwa jina la sifa. "Walitutukana weee," Babu alikuwa akisema, "mpaka Watanzania walipolitia gita, likawa tamu."

Babu hakupita darasa la nne, lakini kusikiliza alijua kufundisha. "Usisikilize zote mara moja, utapata kelele. Shika moja, uifuate mpaka mwisho." Tulianza na besi. Besi ya wimbo huu haijazi kila nafasi. Inatamka, inanyamaza, inatamka tena, na huko kunyamaza ndiko kunakovuta kiuno. Halafu rithimu, gita linalorudia umbo lile lile fupi bila kuchoka, kama mtu anayetwanga, hata ukasahau kwamba lipo. Juu yake lipo solo, ambalo halikai mbali na mwimbaji: akitua, lenyewe linadakia. Ngoma hazipigwi kwa hasira, zinatembea tu. Jaribuni siku moja, wenzangu, kufuata rithimu peke yake tangu mwanzo hadi mwisho. Si rahisi. Solo litakuiba njiani.

Maana ya maneno Babu aliiruka tulipokuwa wadogo, na alikuwa na sababu. Ni mwanamume anayemjibu mwanamume mwenzake aliyemkasirikia kwa ajili ya mwanamke. Anamwambia kwamba mwanamke huyo si wa yeyote kati yao, na kwamba kila mmoja wao ana wake nyumbani. Kwa utani wa babu na mjukuu, Babu huniita "mume mwenzangu", kwa kuwa Bibi ni mke wetu sote wawili, na nilipoanza kubalehe ndipo aliponieleza wimbo kwa njia hiyo, Bibi akitucheka kutoka jikoni.

Kusema kweli, utetezi wa mwimbaji ni dhaifu. Upimeni. Hakusema hakufanya. Amesema tu kwamba mwenzake hana haki ya kukasirika. Hayo mawili ni tofauti sana, na mimi niliyajua kwa vitendo kabla ya kuyajua kwa maneno.

Ilikuwa Desemba 2016, nimemaliza darasa la tatu. Babu alikwenda mazishini Kaloleni. Nilikuwa na swali lililonisumbua: hao watu wanaoimba wamekaa wapi ndani ya ile santuri? Ndani ya nyumba hapakuwa na mwanga wa kutosha kuuona mfereji. Basi niliitoa kwenye katoni, nikapanda juu ya ndoo, nikailaza kwenye bati la banda la kuku ili niichunguze juani. Sikuona mtu. Wenzangu wakaniita mpirani. Nikaenda.

Wasomaji, plastiki ya santuri huanza kulainika kwenye nyuzijoto 60 hivi, na bati la Mariakani mwezi wa Desemba, saa nane mchana, linaweza kufika hapo bila taabu. Isitoshe, kitu cheusi hunywa joto. Niliporudi, ukingo mmoja ulikuwa umeinuka na mwingine umelala, kama chapati iliyopikwa na mgeni. Nikajaribu kuinyoosha kwa mikono. Lo! Nikaongeza msiba. Nikairudisha kwenye mfuko wake wa karatasi, nikaipanga mahali pake, tena katikati ya nyingine ili isionekane haraka.

Ilionekana siku ya tatu. Babu aliishika juu ya taa akaitazama kwa muda mrefu bila kusema. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini, nani ameigusa. Akaanza na mdogo. Zamu yangu ilipofika nikasema, "Babu, mimi sina makosa."

Watu wote wakaangua kicheko. Hata Bibi. Hata Babu midomo ilimcheza. Sikuwa nimekusudia mzaha, hayo ndiyo maneno yaliyonijia, lakini kile kicheko kilinipitisha kama mtu anayevushwa barabara. Hakuna aliyeniuliza tena. Swali likaenda kwa binamu yangu, ambaye ndiye pekee aliyeruhusiwa kuzishika santuri. Akasema hakuigusa. Nani angemwamini? Akanyang'anywa kazi ya kugeuza, na siku ya Krismasi sisi tulipopelekwa Mombasa kuvuka feri, yeye aliachwa kuchunga mbuzi. Alinitazama tulipokuwa tukipanda matatu. Sijui alijua nini. Likizo iliyofuata hakuja, na iliyofuata hiyo pia hakuja.

Santuri yenyewe haikufa kabisa. Kwa kuwa mfereji unaanzia ukingoni, na ukingo ndio uliokunjika, sindano ilikuwa ikirushwa hewani kila ikiwekwa mwanzo. Babu akajifunza kuiweka ndani zaidi, palipobaki sawa kidogo. Hapo iliendelea, ingawa sauti ilikuwa ikipanda na kushuka kama ya mlevi. Wimbo ukakosa mwanzo wa upande wa kwanza na mwanzo wa upande wa pili. Wadogo zangu waliozaliwa baadaye waliujua hivyo hivyo. Mmoja aliusikia mzima kwenye matatu akaniambia kwamba dereva ana wimbo wa Babu, ila wameongeza mambo mbele yake.

Mwaka 2024, likizo ya Agosti, nilimpelekea Babu wimbo kamili kwenye simu. Masikio yake sasa hayana nguvu, kwa hivyo niliitia simu ndani ya bakuli tupu ili sauti ikusanyike, akainama karibu. Ule mwanzo ulipolia alifumba macho. Hakusema kitu. Ukaendelea, na ulipofika mahali fulani, katikati ya magita, mkono wake wa kulia ukainuka wenyewe ukaenda mbele, vidole vimefunguka, kutaka kushika ukingo. Palikuwa ndipo upande wa kwanza ulipokuwa ukiishia. Simu haikusimama. Iliendelea tu moja kwa moja, mkono ukabaki hewani.

"Mbona wameuunganisha?" akauliza.

Nikamweleza kwamba kwenye simu hakuna pande. Akatikisa kichwa. "Sasa watu watazungumza saa ngapi?"

Ndipo nilipomwambia. Nilimweleza habari ya ndoo, bati, mpira, yote. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira au kwa kicheko. Babu alichukua muda akikuna goti lake.

"Mume mwenzangu," akasema, "mimi santuri niliisahau kitambo. Mwenzako umemwambia?"

Sikuwa nimemwambia. Binamu yangu sasa ni fundi wa pikipiki huko Voi, na tukikutana kwenye arusi tunasalimiana vizuri, tunazungumza mpira. Mara mbili nimeandika ujumbe kwenye simu nikaufuta. Ukisema kwa simu mambo yanakuwa mafupi mno, na hili si fupi.

Mhariri ameniahidi nakala mbili za jarida hili. Moja ni ya Babu, nitamsomea kwa sauti. Ya pili nitampa dereva wa matatu ya Voi, nimekunja pembe ya ukurasa huu, na namba yangu nimeiandika chini kwa kalamu.