Chandarua cha mbu si wavu

Ukishuka ziwani kutoka Mutakura, huenda ukauziwa kwa bei nafuu wavu ulioshonwa kwa vyandarua vya mbu. Usiununue. Matundu yake hayaachii hata samaki wachanga wa kesho, dawa iliyomo ni sumu kwa samaki, na nyumbani kuna mtoto aliyebaki bila kinga ya malaria. Polisi wakiukuta, unaweza kunyang'anywa vyote, samaki na wavu.

Mwenye mtaji mdogo aanze na mshipi: uzi imara, ndoano ndogo mbili tatu, chubwi na minyoo. Kaa mbali na mdomo wa Rusizi, kuna viboko na mamba.

Ndagala ni kazi nyingine kabisa. Huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiwa kali taa haivuti samaki. Kwa maoni yetu, omba kwanza kuwa kibarua kwenye mtumbwi wa wenyeji kabla ya kukopa pesa za nyavu. Ziwa Tanganyika hufungwa pia: mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Kabla ya kukopa, uliza mwaloni tarehe za Burundi na kibali kinachotakiwa.