Punje Nyekundu, Punje Nyeupe: Mwalimu wa Biolojia na Kliniki ya Sikoseli

Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi wanaozaliwa na ugonjwa wa selimundu, au sikoseli kama wengi wanavyouita. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni watoto wapatao 11,000 kila mwaka. Wahudumu wa kliniki za ugonjwa huu wanalifahamu vyema swali la wazazi: ikiwa mmoja kati ya wanne ndiye huugua, na huyu wetu wa kwanza ameshaugua, je, watatu watakaofuata hawajasalimika?

Hawajasalimika. Baba na mama wanapokuwa wote wawili wabebaji wa kinasaba cha selimundu, kila mimba huanza hesabu upya: robo kuugua, nusu kuwa mbebaji, robo kutokuwa nacho kabisa. Uwezekano wa watoto watatu mfululizo kuepuka ugonjwa ni takribani asilimia 42 tu. Baadhi ya wanaouliza swali hilo walisoma biolojia sekondari, wakauchora mraba wa Punnett na kupata alama zote. Tatizo ni kwamba mraba wenye vyumba vinne, usipofafanuliwa, hufanana mno na familia ya watoto wanne.

Hapo ndipo mafunzo ya mwalimu wa sayansi yanapokuwa suala la afya. Mwalimu anayetaka kuliondoa kosa hilo hahitaji maabara ya gharama. Vikombe viwili na maharage vinatosha. Kila kikombe, cha baba na cha mama, huwekwa punje moja nyekundu na moja nyeupe. Mwanafunzi hufumba macho, huchota punje moja katika kila kikombe, huandika alichopata, kisha huzirudisha punje zote mbili kabla ya kuchota tena. Baada ya kuchota mara 40, darasa huona kwa macho yake kwamba nyekundu mbili zinaweza kutokea mara mbili mfululizo, au zisionekane hata mara moja katika mara kumi.

Lakini punje zisiporudishwa, mambo hugeuka. Anayechota nyekundu mbili mwanzoni hubakiwa na nyeupe mbili, na darasa zima hutoka likiamini kuwa mtoto mgonjwa akishapatikana, anayefuata atakuwa salama. Somo limechangamka, vifaa vimetumika, wanafunzi wamecheka, na kosa limeota mizizi. Mwalimu aliye peke yake mbele ya wanafunzi wengi si rahisi aligundue. Mwenzake aliyekaa nyuma ya darasa na daftari hulibaini.

Kenya ilijifunza mengi kuhusu jambo hili kupitia mpango wa SMASSE, ulioanza mwaka 1998 kwa ushirikiano na Japani katika wilaya tisa, kisha ukaenezwa nchi nzima. Msingi wake ulikuwa kumtoa mwalimu kwenye chaki na maelezo, kumpeleka kwenye shughuli, mwanafunzi, jaribio na vifaa vinavyobuniwa kutokana na vilivyopo. Ukaongezwa mzunguko mfupi: panga, tenda, tazama, boresha. Wakufunzi wa taifa waliwafundisha wa wilaya, nao wakawafundisha walimu. Mfumo wa namna hiyo huwafikia wengi, ila kadiri ngazi zinavyoongezeka ndivyo ujumbe unavyopungua, mithili ya maji katika mfereji mrefu. Neno zito kuliko yote katika mzunguko ule ni “tazama”, na ndilo lisilowezekana katika ukumbi wa semina.

Tanzania, kupitia Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, yaani MEWAKA, imeweka uzito katika shule yenyewe: walimu hukutana katika jumuiya za ujifunzaji, huandaa somo, hutazamana wakifundisha, kisha hulijadili. Muuguzi hatauona utaratibu huu kuwa mgeni. Hakuna aliyejua kuweka kanula kwa kusikiliza mhadhara. Aliweka, mwuguzi mwandamizi akiwa pembeni, akisahihishwa pembe ya sindano.

Vikwazo vipo. Mwalimu mwenye vipindi vingi hana nafasi ya kuingia darasani kwa mwenzake, na anayetazamwa hudhani anakaguliwa. Mwalimu mlezi anayepeleka taarifa kwa mkuu wa shule ameshaacha kuwa mlezi. Ratiba nayo lazima imtengee muda. Kumwachia saa za jioni ni kumwambia asifanye.

Kwa upande wa hospitali, desturi ya kumtuma daktari shuleni mara moja kwa mwaka kutoa hotuba ina faida ndogo. Afadhali mhudumu wa kliniki ya sikoseli aketi na walimu wa biolojia wanapoandaa somo, awaeleze maswali anayoulizwa na wazazi, nao wamweleze wanafunzi wanakwama wapi. Wajadili pia lile ambalo vitabu hulipita kimya: katika darasa hilo huenda yupo mwanafunzi mwenye ugonjwa wenyewe. Figo zake hazihifadhi maji vizuri, hivyo anahitaji kunywa mara kwa mara na kuruhusiwa kwenda msalani bila kuhojiwa. Na mwalimu anapoandika ubaoni herufi mbili za SS, achague mapema maneno atakayoyatumia mbele ya mtoto huyo, kwani wenzake watayabeba hadi uwanjani.