Presha ya Oili Inaposhuka katika Injini Kuukuu

Shinikizo la oili, ambalo mafundi hulitaja kwa kifupi kuwa presha, hudhaniwa na wengi kuwa ni kazi ya pampu peke yake, ndiyo maana taa nyekundu yenye picha ya kopo linalodondosha tone inapowaka kwenye dashibodi ya gari kuukuu, lawama ya kwanza huiangukia pampu. Ukweli ni kwamba pampu husukuma tu kiasi fulani cha oili kila inapozunguka. Shinikizo huletwa na wembamba wa njia ambazo oili hiyo hulazimika kupita, hasa nafasi iliyopo kati ya krankshafti, yaani mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni, na beringi zinazoushikilia. Katika injini nzima ya gari dogo nafasi hiyo aghalabu huwa kati ya milimita 0.02 na 0.05, wembamba ulio chini ya unywele, na humo oili hujijenga kuwa utando unaoubeba mhimili ili chuma kisisagane na chuma. Beringi zikilika, oili hutoroka pembeni, tena kwa kasi isiyotarajiwa, kwa kuwa nafasi ikiongezeka mara mbili mvujo huongezeka takriban mara nane.

Ndiyo sababu gari la zamani huanza kumulika taa hiyo likiwa kwenye foleni baada ya safari ndefu ya mchana, wakati oili imekuwa nyepesi kwa joto na pampu inazunguka polepole. Dereva anapaswa kufahamu kuwa taa hiyo ni shahidi anayechelewa: katika magari mengi swichi yake huiwasha pale tu shinikizo linaposhuka chini ya nusu ya bar, ilhali injini yenye moto ikizunguka mara 3,000 kwa dakika kwa kawaida huhitaji bar 2 au zaidi. Taa ikiwaka gari likiwa katika mwendo, injini izimwe mara tu gari linapoweza kuegeshwa salama, kwani kujikokota hadi gereji ya mbele ndiko kunakoinokisha, yaani kuziunguza beringi na kuukwaruza mhimili.

Uchunguzi huanza na kijiti cha kupimia, kinachoonyesha kama oili imepungua na, kwa harufu yake, kama imechanganyika na dizeli au petroli na hivyo kupoteza uzito. Baada ya hapo swichi hufunguliwa na mahali pake hufungwa geji ya mkono, injini ikiwa imepata moto wake wa kazi. Shinikizo likiwa dogo kwenye sailensa, yaani injini ikizunguka bila mafuta kukanyagwa, lakini likapanda vizuri mafuta yakikanyagwa, dalili huelekea kwenye beringi. Likiwa dogo wakati wote, ni busara kushusha sampu, yaani karai la oili lililo chini ya injini, na kulitazama chujio la waya la pampu kabla ya kununua pampu mpya. Mara nyingi chujio hilo hukutwa limezibwa na tope jeusi au na vipande vya gundi ya silikoni ambayo fundi aliyetangulia aliipaka kwa wingi kupita kiasi. Filta nayo ikikatwa na karatasi yake ikakunjuliwa juani, chembe zenye rangi ya shaba huonyesha kwamba tabaka laini la juu la beringi limekwisha.

Wenye magari wengi hukimbilia oili nzito, kwa mfano kutoka 10W-30 kwenda 20W-50, na haifai kuwalaumu, kwani matengenezo makubwa ni ghali na gari ndilo riziki. Hata hivyo hatua hiyo hupandisha mshale wa geji bila kupunguza nafasi iliyolika, na kwenye baridi ya alfajiri ya Njombe oili nzito huchelewa kufika juu ya injini, nayo sehemu za huko husagana zikiwa kavu.

Tiba yenyewe ni kuupima mhimili kwa maikromita, kuuchonga ukihitaji, na kufunga beringi za saizi inayolingana, kwa kawaida zilizoongezwa unene kufidia milimita 0.25 au 0.50 zilizochongwa. Injini iliyofungwa upya isiwashwe papo hapo. Filta ijazwe oili pale inapowezekana, kisha stata izungushwe kwa vipindi vifupi, mafuta au moto wa plagi ukiwa umekatwa, mpaka mshale wa geji uinuke.