Damu Isiyo ya Mama

Mjamzito akitoka damu, macho yote humwelekea yeye. Mkunga humpima presha, hukunjua kope aone kama ameishiwa damu, humuuliza kama tumbo linamuuma. Mama akisema haumwi, presha yake ikiwa nzuri na uso wake haujapauka, waliomsindikiza hushusha pumzi. Katika tatizo liitwalo vasa previa, kushusha pumzi huko kunaweza kugharimu uhai, kwa maana damu inayotoka ni ya mtoto.

Mtoto wa kilo tatu aliye tumboni ana damu kama robo lita tu. Haijazi chupa ndogo ya soda. Mama anaweza kupoteza kiasi hicho wakati wa kujifungua, kesho yake akaamka na kunyonyesha. Mtoto akikipoteza, hana damu nyingine.

Jina hilo la Kilatini maana yake ni mishipa iliyotangulia. Kwa kawaida mishipa ya damu ya mtoto husafiri ndani ya uzi wa kitovu, ikiwa imezungukwa na ute mzito unaoikinga isibanwe wala kukatika, mpaka izame ndani ya kondo la nyuma. Lakini zipo mimba ambazo uzi huishia njiani, kwenye utando wa mfuko wa maji, na mishipa hutambaa humo bila kinga, kama mizizi ya mikaratusi inayoachwa wazi kwenye miteremko ya Butembo, mashariki mwa Kongo, mvua inapochukua udongo. Zipo nyingine ambazo kondo limegawanyika vipande viwili, na mishipa hukatiza kati ya kimoja na kingine. Mishipa hiyo ikipita juu ya mlango wa kizazi au karibu nao, inakuwa mbele ya kichwa cha mtoto. Siku mfuko huo wa maji, yaani chupa, unapopasuka, mishipa nayo huweza kupasuka.

Ni tatizo la nadra. Makadirio yanayotajwa sana ni mimba moja kati ya 2,500 hivi. Huonekana zaidi kwa mama wa mapacha, kwa aliyewahi kuonyeshwa kondo lililokaa chini katikati ya mimba, na kwa aliyepata mimba kwa msaada wa maabara. Hata hivyo, unadra wake usimtulize mtu. Mwaka 2004 daktari Yinka Oyelese na wenzake walichapisha uchunguzi wa mimba 155 za namna hii. Pale tatizo lilipojulikana kabla ya uchungu, watoto 97 kati ya 100 waliishi. Pale lisipojulikana, waliishi 44.

Tofauti hiyo ililetwa zaidi na kujua mapema.

Na kujua kunawezekana. Chombo chenyewe ni kile ambacho watu wa Bulengera na komuni nyingine za Butembo wanakiita ekografia, yaani ultrasound. Katikati ya mimba, kati ya wiki ya 18 na ya 22, mpimaji huweza kuufuata uzi wa kitovu mpaka unapoingilia kwenye kondo. Akiona umeingilia pembeni au kwenye utando, au kondo limekaa chini, huangalia mlango wa kizazi kwa kipimo kinachopitia ukeni, ambacho huona vizuri kuliko cha juu ya tumbo. Mama wengi hukiogopa kipimo hicho, ilhali hakimdhuru mtoto. Mashine yenye kuonyesha mwendo wa damu kwa rangi huwasha mshipa kama taa. Halafu mpimaji huhesabu: mshipa ukipiga mara 140 kwa dakika wakati moyo wa mama unapiga 80, huo ni wa mtoto.

Tangu 2016 Shirika la Afya Duniani linashauri kila mjamzito apate ekografia moja kabla ya wiki ya 24. Lakini mama anayeanza kliniki mimba ikiwa ya miezi saba ameshapitwa na wakati huo. Na mashine peke yake haitoshi. Utafiti mkubwa uliochapishwa 2018, uliofanyika Kongo, Kenya, Zambia, Pakistan na Guatemala, ulipeleka ekografia kwenye vituo vya vijijini, na vifo vya mama na vya watoto havikupungua. Picha inahitaji macho yaliyofundishwa, na nyuma yake chumba cha upasuaji kinachofikika.

Tatizo likigunduliwa, mama hupimwa tena karibu na wiki ya 32, maana wakati mwingine mishipa husogea mbali na mlango kadiri mfuko wa uzazi unavyokua. Isiposogea, mama hupewa sindano za kukomaza mapafu ya mtoto. Madaktari wengi humtaka akae hospitalini au jirani nayo kuanzia wakati fulani kati ya wiki ya 30 na ya 34, kisha mtoto atolewe kwa upasuaji wa sezariane kati ya wiki ya 34 na ya 37, kabla uchungu haujaanza. Kwa familia za Beni, jirani na Butembo, agizo hilo lina uzito wa pekee. Tangu Oktoba 2014 mauaji ya raia yameifanya safari ya usiku kuwa hatari, na mgonjwa hawezi kutegemea kwamba barabara itapitika saa atakayoihitaji. Kuhamia mapema kwa shangazi anayekaa karibu na hospitali ni sehemu ya matibabu.

Eneo hili linajua pia uzito wa damu ya mjamzito kwa njia nyingine. Kati ya Agosti 2018 na Juni 2020 Ebola iliua watu 2,287, na kanda za afya za Butembo na Katwa zilikuwa kati ya zilizoumia zaidi. Kuvuja damu kulikuwa dalili ya kushukiwa, na mshukiwa alitengwa akisubiri majibu ya maabara. Tahadhari hiyo ilikuwa na sababu. Lakini mtoto ambaye mshipa wake umekatika hana saa za kusubiri, ana dakika. Mkunga aliyesikia moyo wake ukishuka mara tu chupa ilipopasuka na damu nyekundu kutoka, amekwisha kupata jibu: upasuaji sasa hivi, na damu ya kumwongezea mtoto iwe tayari.

Kwa hiyo mama, ukilala kitandani kwa ekografia, usiulize tu kama ni msichana au mvulana. Uliza uzi wa kitovu umeingilia wapi, na kama kuna mshipa juu ya mlango wa kizazi. Na maji yakitoka na damu, hata kama huumwi popote, usingoje kupambazuke. Piga simu, ita pikipiki, na ukifika mwambie mkunga asikilize moyo wa mtoto kwanza.