Kabla ya Rangi ya Komeo, Uliza Metali

Nyumba nyingi hapa Kona ya Musa, Kwale, hufika zamu ya bawaba, makomeo na mikono ya madirisha pesa zikiwa zimekaribia kwisha. Mwenye nyumba huingia hadiwea akauliza: kuna za dhahabu, za fedha au nyeusi? Kule Nakuru swali hilo linatosha. Huku pwani ya Kwale, kwanza ulizia kilicho chini ya rangi.

Kusi inapovuma, Aprili hadi Septemba, hubeba chumvi laini isiyoonekana na kuilaza juu ya kila chuma. Chumvi nayo huvuta unyevu wa hewani, kwa hiyo komeo huweza kubaki na unyevunyevu hata siku isiyo na mvua. Mikono mingi ya bei nafuu inayong'aa ni zinki iliyopakwa kromu nyembamba mno. Chumvi hupenya kwenye vitundu vidogo, kromu ikatoka vipele, kisha ikabanduka.

Nenda dukani na sumaku. Bawaba ya "shaba" ikinasa, hiyo ni chuma kilichopakwa. Isiponasa usifurahi bado: ikwaruze upande usioonekana kwa ncha ya msumari. Shaba ni ya njano mpaka ndani, zinki ni kijivu. Kwa stenlesi, ikinasa kwa nguvu iache. Isiponasa yaweza kuwa ya daraja la 304 au 316, na hapo sumaku haikusaidii. Tafuta namba iliyogongwa au iliyoandikwa kwenye boksi. Stenlesi ya 316 ina molibdenamu asilimia 2 hadi 3, nayo ndiyo huzuia chumvi kuitoboa. Nyumba inayotazama maji pale Diani, Galu au Msambweni isikubali chini ya hiyo. Ukiwa mbali kidogo na ufuo, 304 itakufaa mradi uioshe.

Sasa twende kwenye sura ya nyumba. Yenye kuta nene za chokaa na mbao za mvule au mbambakofi huomba shaba tupu, isiyopakwa vanishi. Itafifia iwe kahawia, na mimi naipenda zaidi hivyo, kwa sababu inapatana na mbao zilizozeeka. Vanishi hupasuka kwenye kingo, chumvi ikaingia chini yake, ukabaki na madoa yasiyosugulika. Anayetaka mng'ao atumie ndimu, kisha asuuze vizuri.

Nyumba za kisasa, nyeupe, zenye fremu za alumini, hupendeza kwa mikono myeusi ya alumini iliyopigwa rangi ya unga. Usifunge shaba juu ya alumini: zikigusana penye chumvi na unyevu, alumini ndiyo huliwa. Wengine huchagua stenlesi yenye michirizi kwa kuwa ndiyo fasheni, lakini kila mchirizi ni mfereji wa kulaza chumvi. Iliyolainishwa mpaka iwe kama kioo hudumu zaidi.

Na ukinunua nyumba kongwe yenye madirisha ya chuma, tafadhali usikimbilie kung'oa mikono na stei zake (vile vyuma vya kushikilia dirisha likiwa wazi). Mara nyingi chini ya rangi iliyopakwa juu ya rangi kuna shaba nzito ambayo leo ni ghali kuipata.

Jambo moja huwashangaza wengi: dirisha lililo chini ya baraza, lisilopata mvua, huota madoa ya kahawia mapema kuliko lile lililo wazi, kwa sababu mvua huosha chumvi. Hilo la barazani lifute kwa kitambaa na maji yasiyo na chumvi kila baada ya wiki kadhaa. Maji ya visima vyetu vingi yana chumvi. Kwa hiyo kinga ya mvua kwa kazi hiyo. Steelwool na dawa zenye klorini zisiguse stenlesi kabisa.

Mwisho kagua skrubu. Fundi akija na zile nyeupe za chuma kilichopakwa zinki kufungia bawaba za 316, mrudishe dukani, umpe bawaba moja mkononi aende nayo kama sampuli.