Mashine ya Kusaga na Sikio la Mwendeshaji

Mwendeshaji wa mashine ya kusaga nafaka huko Kibaigwa, mkoani Dodoma, aweza kuambiwa "fika" akasikia "shika". Si kiziwi, sauti nene azisikia vyema. Zilizokufa ni seli zenye vinyweleo ndani ya sikio, kwanza zile zipokeazo mitetemo ipatayo 4,000 kwa sekunde, nazo herufi f, s na sh hutegemea mitetemo ya kasi kama hiyo. Kila sikio lina seli hizo zipatazo 15,000. Zikifa hazioti tena.

Je, aendelee na kazi? Husemwa mara nyingi kuwa sikio lake "limezoea". La hasha! Kelele yaonekana kupungua kwa kuwa seli zimekufa, na zilizosalia zingali zapigwa. Kipimo kitumikacho sana ni desibeli 85 kwa saa 8. Zikiongezeka desibeli 3, muda hukatwa nusu: desibeli 88 kwa saa 4, 91 kwa saa 2. Kuendelea aweza, iwapo atavaa vizibo vya masikio (pamba ya kawaida hukinga kidogo mno), atapokezana zamu na mwenziwe, na kupimwa kila mwaka. Wenzake nao wamsemeshe wakimwelekea uso, kwani f na sh huonekana midomoni.